Moto ukiwaka, mwenye ulemavu atatokea wapi?

Majira ya saa saba, usiku wa kuamkia Oktoba 25, 2022, moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono, Uganda. Watu 11 walipoteza maisha, wengi wao watoto. Mukono iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalolitazama kutoka Kirumba na Bwiru, hapa Ilemela, Mwanza. Msiba ule ni onyo kwetu pia, maana watoto wenye ulemavu tunao, mabweni tunayo, na moto haubagui.

Tangu Ilemela iwe manispaa mwaka 2012, majengo yake yamezidi kupanda juu. Ziko ofisi, hosteli, nyumba za wageni, na maduka makubwa kama ya Rock City Mall. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hao ni wafanyakazi wenzetu, wateja wetu, wanafunzi wetu. Aliyefika ghorofa ya nne kwa lifti, siku ya moto lifti haimfai: umeme hukatika na moshi hupanda kwenye shimo lake. Zinabaki ngazi, na ngazi ndizo asizoziweza.

Watu wema watambeba, tunajiambia. Watambeba kweli, lakini vipi? Mfanyakazi mmoja aliyepooza alikuwa ghorofa ya 69 ya jengo la World Trade Center, New York, bomu lilipolipuka mwaka 1993. Kumshusha kulichukua takriban saa sita. Baada ya hapo vikanunuliwa viti maalumu vya kuteremshia watu kwenye ngazi. Septemba 11, 2001, jengo liliposhambuliwa tena, wenzake kumi walimshusha kwa kiti hicho kwa kama saa moja na nusu, akatoka hai kabla jengo halijaanguka. Ngazi zilikuwa zile zile na upendo wa wenzake ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni maandalizi.

London ilijifunza kwa uchungu. Jengo la Grenfell lilipoungua Juni 2017, watu 72 walikufa. Kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 hawakutoka. Uchunguzi wa serikali ulipendekeza kila mkazi asiyeweza kujiokoa awe na mpango wake mwenyewe wa kuondolewa, ulioandikwa mapema.

Mpango huo hauhitaji fedha nyingi. Unaanza kwa kumuuliza mhusika, kwa sababu yeye ndiye anayejua mwili wake: ashikwe wapi, asishikwe wapi, dawa gani asiiache. Kisha wanatajwa watu wawili au watatu watakaomfuata king'ora kikilia, na mwingine wa akiba wakiwa hawapo. Kiziwi hasikii king'ora; anahitaji taa inayomulika na jirani wa kumgusa bega, tena wa kumpigia zimamoto kwa 114. Mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, hivyo kingo za ngazi zipakwe rangi inayoonekana. Asiyeona, akizoezwa njia yake vizuri, anaweza hata kuwaongoza wenzake gizani, mradi hakuna aliyejaza madawati kwenye korido. Anayetumia kiti mwendo apewe darasa au kitanda cha chini. Hili mwalimu mkuu anaweza kuliamua leo hii, bila kusubiri bajeti.

Jambo linaloniumiza zaidi ni nondo na kufuli. Kule Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wale walikuwa vijana wenye nguvu, wanaoona na kukimbia. Kwa mtoto mwenye ulemavu, mlango uliofungwa kwa nje ni hukumu ya kifo. Mwizi anazuilika kwa njia nyingine.

Tena Ilemela ina milima ya mawe. Kule juu Kitangiri nyumba nyingi zinafikiwa kwa vijia vya miguu, na gari la zimamoto haliwezi kupanda. Huko majirani ndio waokoaji wa kwanza, na lazima wajue ni nyumba ipi ina bibi asiyetembea.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Wenye majengo wengi wameielewa kama kujenga njia ya mteremko mlangoni. Hiyo ni haki ya kuingia tu. Haki ya kutoka bado.

Mzazi, shule zikifunguliwa, kwenye kikao uliza mambo matatu: ufunguo wa bweni unalala kwa nani, zoezi la kutoka usiku limefanyika lini, na nani amepangiwa kumtoa mtoto asiyeweza kukimbia. Usikubali kuondoka bila majibu.