Shilingi 50 za Bosi na Karatasi Yako ya Ufundi

Simama Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi uone watu wanavyotoka Makongeni, Kaloleni na Mbotela wakielekea Industrial Area kwa miguu. Wengi ni mafundi wa kuchomelea vyuma, wa stima, wa magari, wa cherehani. Kazi wanaijua, wengine wana miaka kumi nayo, lakini hawana karatasi hata moja ya kuonyesha hivyo.

Na karatasi hiyo ni pesa. Agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara linataja fundi asiye na gredi, kisha fundi wa gredi ya III, ya II na ya I, na kila mmoja ana kiwango chake. Yaani unaweza kuwa karakana ile ile, mashine ile ile, na bado sheria ikakuweka ngazi ya juu kwa sababu umefanya mtihani. Si lazima uhame kazi.

Mtihani wenyewe husimamiwa na NITA, Commercial Street, hapo hapo Industrial Area. Wazee bado huiita DIT, jina la zamani. Kuna nadharia na kuna vitendo. Vitendo haviwezi kukusumbua sana kama ndiyo kazi yako ya kila siku. Nadharia ndiyo huangusha watu, kwa hivyo tafuta mahali patulivu pa kusoma. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa na Book Bunk, na kusema kweli zinapendeza kuliko mikahawa mingi ya mjini.

Sasa tuje kwa ile sehemu watu wengi hawaijui. Mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, sawa na 600 kwa mwaka. Haukatwi kwa mshahara wako, unatoka kwa mfuko wake. Ushuru huo unaenda NITA, na mwajiri ambaye malipo yake yako sawa anaweza kurudishiwa gharama za kumfundisha mfanyakazi. Lakini lazima aombe idhini kabla mafunzo hayajaanza. Akikupeleka kwanza halafu akumbuke fomu baadaye, amechelewa.

Kwa hivyo usiende kwa bosi na maneno ya "nisaidie na fee". Mwulize kwa heshima kama kampuni hulipa ushuru wa mafunzo na kama imewahi kudai chochote. Mweleze unataka kozi gani na itasaidia kazi yake vipi. Wengine watakuambia hawana habari. Wengine watashtuka kidogo kuwa wamelipa miaka yote hiyo bure.

Kama unafanya jua kali na hakuna kampuni, hapo utajilipia mwenyewe. Ada hutofautiana, kwa hivyo uliza NITA kwanza kabla hujaanza kupanga. Ukiweka shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu, siku 90 zinakupa 4,500. Ifunge hadi tarehe ya kujisajili, maana akiba iliyo wazi wikendi ya Kayole haifiki Jumatatu. Tunawajua, na sisi pia tuko hivyo.

Wakati wa kulipa, tafadhali kuwa macho. Ada za serikali siku hizi hupitia eCitizen, Paybill 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Mtu akikuambia utume kwa namba yake ya simu "akusaidie kupitisha", huyo ni broka. Anayekuuzia cheti bila mtihani ni mbaya zaidi, kwa sababu mwajiri anaweza kuuliza NITA kama cheti ni cha kweli, na kazi uliyokuwa nayo unaweza kuipoteza. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu binafsi, ghairi.

Ujumbe wa malipo usiufute hadi ushike cheti mkononi. Simu ikiibwa njiani, ukishapata laini mpya omba taarifa ya akaunti kwenye menyu yetu. Malipo yako yataonekana hapo na tarehe yake.