Fahamu: Kwa nini maskini wa dunia wameongezeka kwenye hesabu?

Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Papo hapo, idadi ya maskini wa mwaka 2022 ikaruka kutoka milioni 713 hadi milioni 838.

Hakuna aliyefilisika usiku huo. Mstari huo hutokana na viwango ambavyo nchi za kipato cha chini zimejiwekea zenyewe, na kadhaa kati yake zimevipandisha baada ya kuboresha tafiti zao. Dola yenyewe si ya dukani kwa wabadilisha fedha. Ni uwezo wa kununua, kwa bei za 2021. Wadadisi huuliza kaya zimekula nini, na hata debe la mahindi lililotoka shambani kwao hutiwa bei.

Fedha, hata hivyo, haionyeshi choo wala kisima. Ndiyo maana tangu 2010 Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) hupima umaskini kwa viashiria 10, vikiwamo lishe, shule, maji na nishati ya kupikia. Ni kipimo cha haki zaidi, ingawa vichwa vya habari hupenda dola.

Tanzania Bara nayo ina mstari wake wa umaskini: katika utafiti wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya wananchi waliishi chini yake.