Nyoka hapunguzi sumu kwa mtoto

Wazazi wengi tumezoea kwamba dawa ya mtoto ni nusu au robo ya ile ya mtu mzima. Ndivyo tufanyavyo kwa homa na kikohozi, na tunafanya sawa. Ijumaa hii tunapenda kuwazindua ndugu zetu Waislamu juu ya dawa moja isiyofuata kanuni hiyo, nayo ni dawa ya sumu ya nyoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Dawa hii hupatikana kwa kumdunga mnyama, aghalabu farasi, sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijijengee kinga, kisha kinga ile huchujwa na kutiwa katika vichupa. Kazi yake ni kuikamata sumu iliyomo mwilini. Kwa hiyo kinachopimwa ni sumu, si mgonjwa. Kifutu anapomuuma mtoto wa miaka minne hamwonei huruma kwa udogo wake, na sumu ile ile ikiingia katika mwili mdogo humlemea upesi zaidi. Ndiyo maana mtoto hupewa vichupa sawa na baba yake. Kinachopunguzwa kwa uzito wake ni maji ya dripu yanayochanganywa na dawa. Mzazi akiyaona hayo asimzuie daktari kwa kudhani kwamba amekosea.

La mjamzito ni zito zaidi. Jamaa husita, na pengine hata mhudumu husita, kwa kuchelea kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hali ya kuwa inayomdhuru ni sumu yenyewe: yaweza kuizuia damu isigande, kondo la nyuma likabanduka, mimba ikaharibika. Mama mwenye dalili za sumu hustahiki dawa hii kama mgonjwa mwingine yeyote. Ni kweli kwamba yaweza kuzusha mzio mkali, na kwa sababu hiyo hutolewa hospitalini, adrenalini ikiwa tayari. Wala si kila aliyeumwa huihitaji, kwani wapo ambao sumu haikuwaingia. Hao huangaliwa tu.

Je, kisomo? Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), kwamba Sahaba mmoja alimsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyedungwa na mdudu wa sumu, akapona, na Mtume (s.a.w.) akaliridhia. Hatuna la kupinga hapo. Lakini Mtume huyo huyo aliwaamuru watu watafute matibabu. Basi na asomewe garini, safari ya hospitali ikiwa imeshaanza. Asifungwe kamba, asichanjwe wembe, wala asibandikwe jiwe jeusi. Kiungo kilichoumwa kifungiwe kijiti kisitikisike, mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, na pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba.