Anasoma, Lakini Ameelewa?



Mwezi uliopita jirani yangu hapa Observatory aliniletea mwanawe wa darasa la nne, pamoja na ripoti ya shule iliyomliza mama mtu: hesabu zimeanguka. Nikamfungulia kijana kitabu, akasoma Kiingereza bila kukwama. Nilipomwuliza habari ile yasema nini, alinyamaza. Nikamwambia kwa Kiswahili: mama kanunua machungwa 24, awagawie watoto sita sawasawa, kila mmoja apate mangapi? "Manne, babu," akajibu mara moja. Hesabu ile ile, iliyoandikwa kwa Kiingereza daftarini mwake, alikuwa ameikosa.

Sisi tuliopitia chuoni twalijua jambo hili. Mtoto aweza kuhitimu msahafu kwa tajwidi nzuri na maana ya aya asiijue. Lakini mwalimu wa chuoni hajidai kuwa amekwisha kumfundisha tafsiri. Shuleni, mtoto atamkaye vizuri hudhaniwa ameelewa.

Wala si watoto wa wageni peke yao. Katika upimaji wa kimataifa wa PIRLS wa mwaka 2021, asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne wa Afrika Kusini hawakuweza kusoma kwa kuelewa; mwaka 2016 walikuwa asilimia 78. Nao walipimwa kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi, si Kiingereza tu. Basi lugha ya mama ni msingi, lakini haitoshi mtoto asipozoezwa kukihoji anachokisoma.

Tanzania, mwaka 2015, ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zitangulie masomo mengine. Naona ilikuwa busara.

Wapo wazazi wetu wanaokataza Kiswahili nyumbani wakidhani chaharibu Kiingereza. Wanisamehe, nawapinga. Msomee mtoto kwa lugha unayoimudu, usimame katikati, umwulize: nani huyu? Kwa nini amefanya hivi? Ukienda naye sokoni Yeoville, mpe randi 50 akuhesabie chenji mwenyewe.

Kijana yule huja kwangu kila Jumamosi baada ya alasiri. Juzi ni yeye aliyenisimamisha: "Babu, mbona sungura amedanganya na hakuadhibiwa?" Hadithi zangu zinakaribia kwisha, mwenye vitabu vya Kiswahili vya watoto asivyovihitaji anione msikitini baada ya sala ya Ijumaa.