Waamishi wa Indiana: Kutoka Shambani Hadi Kiwandani

Alfajiri, saa ambayo babu zao walikuwa wakikama ng'ombe, wanaume wengi wa Kiamishi katika wilaya za Elkhart na LaGrange, kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, huwa njiani kwenda kiwandani. Wengine huenda kwa baiskeli, wengine humlipa jirani asiye Mwamishi awapeleke kwa gari. Huko huunda magari ya matembezi yenye vitanda na jiko ndani, ilhali kanisa lao haliwaruhusu kumiliki gari.

Je, ni kipi kilichowaondoa shambani Wakristo hawa, ambao kwa vizazi vingi wameuona ukulima kuwa njia bora ya kuishi kwa imani?

Sababu kuu ni ardhi. Familia ya Kiamishi aghalabu huwa na watoto sita au saba, na wengi wao hubatizwa na kubaki katika jamii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waamishi walikuwa kiasi cha 5,000 tu. Leo wamezidi 350,000. Shamba moja haliwezi kuwatosha wana wote, na bei ya ardhi imempita kijana anayeanza maisha.

Kiwanda nacho hakidai mtaji wala shahada. Watoto wa Kiamishi humaliza masomo katika darasa la nane, haki iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972.

Hata hivyo, mshahara huo una gharama yake. Shambani, mtoto hujifunza kazi akiwa kando ya baba yake. Kiwandani baba huenda peke yake, na riziki ya nyumba nzima hutegemea soko lililo mbali. Hilo lilidhihirika katika mdororo wa uchumi wa mwaka 2008 na 2009. Wateja walipoacha kununua magari hayo, viwanda vilipunguza wafanyakazi, na ukosefu wa ajira katika eneo la Elkhart ukakaribia asilimia 20.

Ndiyo maana Waamishi wengi huona karakana ya nyumbani, ya kuunda samani au kutengeneza vigari vya farasi, kuwa afadhali. Fedha hupatikana bila kuhitaji shamba kubwa, na mtoto bado humwona baba yake akifanya kazi.