Bibi wa Soysambu na Bastola Isiyopatikana

Ukitoka Gilgil kwenda Nakuru, barabara huteremka na Ziwa Elmenteita likajitokeza upande wa kushoto. Hapo abiria wa matatu hutoa simu kupiga picha za heroe. Ng'ambo ya ziwa ni Soysambu, ranchi ya akina Delamere. Mimi nikifika hapo humkumbuka mwanamke mmoja, na nyuma yake huja mwingine, wa vitabuni.

Wa vitabuni ni Irene Adler. Arthur Conan Doyle alimleta kwa wasomaji wa jarida la Strand, London, mwezi Julai 1891. Mfalme wa Bohemia anataka picha aliyopigwa pamoja na Irene, akihofia itamvunjia ndoa. Sherlock Holmes anajigeuza kasisi na kuingia nyumbani kwa Irene. Nje watu wanapiga kelele za moto, bibi naye anakimbilia palipofichwa picha. Mtego umenasa, au ndivyo Holmes anavyodhani. Usiku huohuo, mlangoni pake, kijana mmoja anamsalimu kwa jina na kupita zake. Kumbe ni Irene, kavaa suruali. Kulipokucha nyumba ni tupu. Sisi tuliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tumezoea mpelelezi asiyeshindwa. Ndiyo maana kisa hiki hakizeeki.

Wa Soysambu aliitwa Diana. Alifika Kenya Novemba 1940 akiwa na miaka 27, bibi harusi wa Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka 57. Haukupita mwezi kabla hajapendana na Lord Erroll, aliyewahi kuishi kando ya Ziwa Naivasha katika jumba la Oserian. Wala mapenzi yao hayakuwa ya kificho. Januari 23, 1941, walikula pamoja katika klabu ya Muthaiga, mume akainua glasi kuwatakia heri wapenzi hao. Baada ya saa nane usiku Erroll alimrudisha Diana nyumbani, mtaa wa Karen, kisha akaondoka. Muda si mrefu Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini walikuta gari lake limetumbukia shimoni kando ya barabara, taa zikiwaka. Polisi walidhani ni ajali. Walikanyagakanyaga pale, mwili ukaondolewa, ndipo ikaonekana kwamba Erroll alipigwa risasi kichwani. Mwanafunzi wa Holmes angelia.

Arthur Poppy, aliyeongoza upelelezi, alimwekea macho mume. Sababu ilikuwepo, wivu. Na siku chache kabla ya mauaji Broughton alikuwa ameripoti kuibiwa bastola mbili aina ya Colt. Machi akakamatwa. Hapa ndipo Diana anaponivutia. Mwanamke ambaye mji mzima ulimnong'ona kuwa chanzo cha kifo alipanda ndege hadi Johannesburg na kumtafutia mume wake wakili Harry Morris, bingwa wa mambo ya bunduki.

Morris hakuhangaika na wivu wala na glasi za Muthaiga. Aliuliza kuhusu mtutu. Upande wa mashtaka ulisema risasi zilizomuua Erroll zinafanana na zile ambazo Broughton alifanyia mazoezi ya shabaha shambani Nanyuki. Sawa, lakini risasi hizo zilikuwa na alama tano zinazopinda kulia, na mtutu wa Colt una mifereji sita inayopinda kushoto. Basi bastola zilizoibwa hazikuhusika, na hakuna aliyeweza kuonyesha nyingine mkononi mwa mshtakiwa. Julai 1, 1941, Broughton akaachiliwa. Mwaka uliofuata alijiua Liverpool.

Sidai Diana aliua. Hakuwahi hata kushtakiwa. Ninachosema ni kwamba wapelelezi walimwona kama sababu ya mauaji, kama picha ile ya mfalme, kitu cha kugombaniwa na wanaume. Hawakumwona kama mtu anayefikiri. Holmes alifanya kosa hilohilo, ila yeye alikiri: alipoulizwa ujira, aliomba picha ya Irene.

Tofauti moja ni kubwa. Irene alikimbia na gari moshi la alfajiri. Diana alibaki papa hapa Bonde la Ufa. Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha aliyezoea kuishi na Wamaasai kuliko na Wazungu wenzake, naye akamnunulia Oserian, jumba lilelile alilokaa Erroll. Sijui riwaya gani ingethubutu kuandika hilo. Mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, akahamia Soysambu. Wanong'onezi wa klabuni sasa walimwita Lady Delamere. Kitabu cha James Fox kuhusu mauaji hayo kilitoka 1982, filamu ikafuata 1987, mwaka aliofariki.

Erroll amezikwa Kiambu, karibu na mke wake wa pili. Diana yuko Ndabibi, Naivasha, kati ya Colvile na Delamere. Bastola haijapatikana hadi leo.