MAELEZO KWA WANANCHI: UCHAGUZI WA JENERETA NDOGO YA NYUMBANI

Tarehe 21 Mei, 2008 umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikatika, na kisiwa cha Unguja kikabaki gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Tarehe 10 Disemba, 2009 hitilafu nyingine ilitokea, na safari hiyo umeme haukurejea hadi mwezi wa Machi, 2010. Pampu za maji zilisimama, vyakula vya barafu viliharibika, na vichochoro vya mjini vikajaa ngurumo za jenereta ndogo zilizonunuliwa kwa haraka. Mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika. Hata hivyo, funzo la miezi ile limebaki: anayenunua mashine siku ya giza hununua iliyopo dukani, wala si ile inayomfaa.

Jambo hili si la visiwani pekee. Mwezi wa Mei, 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika wilaya ya Kilwa. Barabara ya namna hiyo ikikatika, mafuta na vipuri huchelewa kufika Nachingwea na Ruangwa, na huchelewa zaidi kufika kata zilizo ndani kama Kilimarondo. Kwa hiyo mkaazi wa kisiwani na mkaazi wa Kilimarondo wana haja moja ya kufikiri mapema. Maelezo yafuatayo yanatolewa ili kumsaidia kila mmoja wao.

1. KUPIMA MAHITAJI

Kabla ya kwenda dukani, mwenye nyumba aandike vyombo ambavyo ni lazima vifanye kazi umeme unapokatika, pamoja na wati za kila kimoja. Wati huonyeshwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya chombo. Kwa mfano, balbu tano za LED za wati 10 ni wati 50. Televisheni ni wati 100. Feni mbili ni wati 140. Na friji ndogo ni wati 150. Jumla ni wati 440.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Chombo chenye mota, kama friji au pampu, huhitaji nguvu nyingi zaidi kwa sekunde chache kinapoanza kuzunguka. Mara nyingi ni mara tatu au nne ya wati zake za kawaida. Friji ya wati 150 yaweza kudai wati 600 inapowaka. Hivyo basi, nyumba ya mfano wetu inahitaji wati 290 za vyombo vingine na wati 600 za kuamshia friji, yaani wati 890. Jenereta yenye nguvu ya kudumu ya wati 1,200 hadi 1,500 itaifaa bila ya kuchoka. Iwapo pana pampu ya kisima ya nusu nguvu ya farasi, inayotumia kiasi cha wati 600, mashine ya wati 2,500 hadi 3,000 itahitajika, na ni vyema friji izimwe kwanza pampu inapowashwa. Pasi, birika na jiko la umeme visiingizwe katika hesabu. Makaa na gesi vifanye kazi hiyo.

2. KUSOMA KIBANDIKO CHA MASHINE

Jenereta nyingi huandikwa nguvu mbili: nguvu ya juu, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kudumu. Wauzaji hupenda kuitaja ya kwanza. Mnunuzi aifuate ya pili. Iwapo kipimo kimeandikwa kwa kVA, aulize ni wati ngapi, kwani kwa mashine nyingi kVA 2.5 ni sawa na wati 2,000 tu.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba mashine hutoa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo kawaida ya umeme wetu. Mashine zilizotumika zinazotoka nchi kama Marekani na Japani huweza kuwa za volti 100 hadi 120, nazo hazifai kwa vyombo vyetu. Mwenye kompyuta au vyombo vingine vyepesi kuharibika, yafaa achague jenereta ya inveta, ambayo umeme wake umetulia zaidi, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

3. AINA YA INJINI NA MAFUTA

Mashine ndogo kabisa, zisizofikia wati 1,000, mara nyingi huwa na injini ya mipigo miwili, ambayo oili huchanganywa na petroli. Ni rahisi kununua na nyepesi kubeba, lakini zina moshi na kelele, na hazikukusudiwa kuendesha friji. Injini ya mipigo minne huweka oili yake mbali na petroli, hutumia mafuta kwa uangalifu zaidi na hudumu zaidi. Mashine ya dizeli ni nzito na ya gharama, nayo humfaa mwenye kazi ya saa nyingi kila siku.

Gharama ya kuendesha huweza kuipita bei ya mashine yenyewe. Jenereta inayotumia lita moja kwa saa, ikiwashwa saa 4 kila usiku kwa siku 90, itateketeza lita 360 za petroli. Mwenye nyumba aifanye hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya mahali pake kabla ya kununua. Anayehitaji taa, redio na kuchaji simu pekee, huenda akaona kwamba paneli ya jua na betri vinamtosha, hasa aishipo mbali na kituo cha mafuta.

Kadhalika, achague aina ambayo plagi, chujio la hewa na kabureta vyake vinapatikana karibu naye, na ambayo fundi wa mji wake anaifahamu.

4. HATARI ZINAZOUA

Moshi wa jenereta una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala huweza kufa bila ya kuamka. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa mwili. Mwenye kuziona atoke nje mara moja na apelekwe hospitali. Jenereta isiwashwe chumbani, jikoni, stoo wala barazani, hata kama madirisha yako wazi. Iwekwe nje, umbali usiopungua mita 6 kutoka nyumbani, na bomba la moshi lielekezwe mbali na madirisha, ya jirani yakiwemo. Katika nyumba za Mji Mkongwe zenye ua wa ndani, moshi hukusanyika uani na kupanda vyumbani. Huko jenereta si chombo cha kuwekwa kabisa.

Hatari ya pili ni kuchomeka waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo hurudi katika nguzo, hupanda katika transfoma na kufikia volti 11,000 au 33,000. Fundi wa shirika aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba laini imezimwa, huuawa na jenereta ya mtu aliyekaa kwake akitazama televisheni. Anayetaka kuunganisha jenereta na nyaya za nyumba amwite fundi mwenye leseni amfungie swichi ya kubadilishia, ambayo haiwezi kuruhusu njia mbili kwa wakati mmoja. Asiyekuwa nayo achomeke vyombo vyake moja kwa moja katika jenereta kwa waya mnene wa nje.

Petroli isiongezwe injini ikiwa inawaka au ikiwa ya moto. Dumu la akiba liwe na kifuniko madhubuti, na likae mbali na jiko na watoto.

5. UTUNZAJI

Oili ya injini ya mipigo minne hubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100, au kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Mashine isiyotumika kwa zaidi ya mwezi itolewe petroli, kwani petroli iliyolala huziba kabureta. Kwa wakaazi wa pwani, chumvi ya bahari hula chuma upesi. Mashine ifutwe na ifunikwe ikishapoa. Iwashwe walau mara moja kwa mwezi, ikiwa na mzigo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atake mashine iwashwe mbele yake ikiwa na mzigo, apatiwe kitabu cha maelekezo na risiti yenye muda wa dhamana, na ajue ni wapi ataiweka. Ambaye hana mahali pa kuiweka nje kwa usalama asinunue jenereta. Atafute njia nyingine ya kupata mwanga.